Mkanda Niliuachia Mwenyewe

Bondia wa mkoani akifikisha miaka 37 akiwa bado na mkanda, mtaa mzima unamwonea fahari isipokuwa waandaaji wa mapambano. Wao wanamwona hasara tupu. Wakimkutanisha na kijana wao, kijana anaweza kupigwa na mtaji ukapotea. Kijana akishinda, watu watasema kampiga mzee. Humo ndimo nilimokuwa naishi mimi, bingwa wa uzito wa welter, kilo 66.7, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma. Vijana ninaokimbia nao alfajiri barabara ya Ujiji hawakuacha kuniuliza, "Bro, mbona huchukui pambano kubwa?" Utadhani yanapangwa mafungu pale sokoni, ni mtu kuinama na kuchagua.

Uzee wangu kwenye ngumi niliupokea kwa shikamoo. Tulikuwa Dar es Salaam siku ya kupima uzito, tumesimamishwa uso kwa uso mbele ya kamera, wapiga picha wanatutaka tutunishe misuli. Kijana akanikazia macho kama alivyofundishwa, akanisogelea mpaka paji lake la uso likagusa langu, halafu kwa sauti ya chini ambayo maiki hazikuinasa akasema, "Shikamoo, kaka." Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje? Kesho yake nilimshinda kwa pointi, lakini salamu ile ilinikaa kichwani kuliko ushindi. Nilielewa kwamba hata yule niliyemshinda alikuwa anasubiri tu zamu yake.

Tangu siku hiyo kila ofa ikija najiuliza jambo moja: hawa wananinunua kwa ajili ya nini? Mkanda? Jina? Ngumi zangu? Au umri wangu? Maana wapo wanaolipia umri. Wanamtaka bingwa aliyechoka ili kwenye rekodi ya mtu wao iandikwe kwamba amempiga bingwa. Ukishajua kinachonunuliwa, bei unaipanga vizuri zaidi, na mara nyingine unakataa kuuza.

Ushauri niliopewa zaidi ni wa kutetea mkanda nyumbani. Uwanja wa Lake Tanganyika utajaa, wananiambia. Labda. Anayesema hivyo hajawahi kuandaa ngumi. Ulingo lazima uletwe kwa lori au utengenezwe na mafundi wa hapa. Nimepigana kwenye ulingo wa mafundi: mbao zimepigiliwa misumari, juu yake magodoro membamba, juu ya magodoro turubai, na kwenye kona moja mbao ilikuwa inabonyea, ukiikanyaga mguu unazama. Kufika raundi ya tatu nilishaijua ile kona, nikawa namsukumia mwenzangu huko huko. Uenyeji una raha yake. Lakini ukimaliza ulingo, kuna refa na majaji, kuna msimamizi wa Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, daktari, gari la wagonjwa, nauli na gesti ya mpinzani pamoja na watu wa kona yake. Kutoka Dar mpaka hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Viingilio havifiki huko hata watu wakifurika, kwa sababu nusu ya waliofurika ni ndugu wa bondia, na ndugu hakati tiketi. Pambano siku hizi linalipwa na televisheni na wadhamini, na kamera zao ziko Dar.

Kuvuka mpaka nako nimejaribu. Bujumbura ni karibu kuliko Dar, Kalemie unakwenda kwa boti. Mashabiki wa huko wanaijua ngumi na wanaishangilia hata ya mgeni. Kwa kijana ni shule nzuri sana. Bingwa mwenye miaka 37 anarudi na malipo ya nauli na uvimbe wa jicho.

Halafu kuna ngazi ya mikanda, ambayo ndiyo inayotajwa redioni. Dunia inavihesabu vyama vinne vya ngumi: WBA ambacho ndicho kikongwe, WBC kilichoanzishwa mwaka 1963, IBF mwaka 1983 na WBO mwaka 1988. Kila kimoja kina orodha ya mabondia bora kwa kila uzito, na anayegombea ubingwa wa dunia kwa kawaida hutoka kwenye 15 wa juu. Bondia wa Afrika kwa kawaida huchukua mkanda wa Afrika wa kimojawapo, anautetea, anaingia kwenye orodha, anapanda. Kila pambano la mkanda lina ada ya chama. Kila mpinzani unayemtaka ana promota wake mwenye mipango yake. Kwa aliye na miaka 24 njia hii ni sahihi, ajipange. Mimi nilipopiga hesabu ya miezi inayopita kati ya pambano na pambano, nikaona nitagonga mlango wa chumba cha wakubwa nikiwa nimepita miaka 40. Wapo pia wenye vyama vidogo vidogo wanaokuletea "ubingwa wa dunia" ndani ya miezi miwili, ilimradi ulipie. Mikanda yao huwa inang'aa kuliko yote.

Ofa nyingi zaidi nilizopata zilikuwa za kwenda nje. Hizi nazijua ndani na nje, acha nizieleze.

Simu inapigwa usiku. Anayepiga humjui, lakini anakuita champion kama mliokua pamoja. Hakuulizi unapiganaje. Anauliza mambo mawili: una pasi ya kusafiria, na sasa hivi una kilo ngapi. Ukisikia maswali hayo kwa mpangilio huo, jua mpinzani wa kwanza amejitoa na wanatafuta mwili wa kujaza nafasi. Pambano ni baada ya wiki mbili, pengine pungufu. Uzito ni wa kwao, kilo 69.8, wewe ni mtu wa 66.7. Mpinzani hajapoteza hata pambano moja na ndiye anayeuza tiketi za ukumbi, majaji wanatoka mji huo huo. Fedha ukiitazama kwenye karatasi ni nzuri. Kisha inakatwa kodi ya kule, anakata meneja, anakata yule wa katikati aliyepiga simu, kocha anachukua asilimia 10 kama ilivyo desturi, viza na vipimo umejilipia. Ikifika Kigoma imekonda.

Kila wakala ananitajia Hassan Mwakinyo. Ni kweli, Septemba 2018 Mwakinyo alikwenda Birmingham kama mgeni tu, hakuna aliyemtarajia, akampiga Sam Eggington mpaka refa akasimamisha pambano raundi ya pili. Nchi nzima tulirukaruka. Ila mawakala hawasemi kwamba Mwakinyo wakati ule alikuwa na miaka 23. Wala hawasemi kwamba Septemba 2022 alirudi Uingereza, Liverpool safari hii, na pambano lake na Liam Smith likakatishwa raundi ya nne, Smith akapewa ushindi. Bondia huyo huyo, aliyekwishajulikana, na bado ugenini palikuwa ugenini. Sembuse mimi, ambaye goti la kulia linaniambia mvua inakuja kabla ya redio.

Kuna kitu kimoja kizuri nilikipata kwenye ofa hizo, nacho ni vipimo. Nchi nyingi hazikupandishi ulingoni bila kipimo cha VVU, homa ya ini, macho, na kwa wenzetu wa Uingereza MRI ya kichwa kila mwaka. MRI nilikwenda kuifanyia Dar. Daktari, mama mmoja mpole sana, aliniweka mbele ya kioo cha kompyuta akanionyesha ubongo wangu vipande vipande, akasema kwa sasa hauna tatizo linaloonekana. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na promota yeyote. Mapambano yangu alikuwa ameshayaona kwenye karatasi. Alitaka kujua nafanya sparingi, yaani kupigana na mwenzangu mazoezini, mara ngapi kwa wiki, na wananipiga kichwani kwa nguvu kiasi gani. Ngumi za jimu haziandikwi kwenye rekodi, baba, akaniambia, lakini kichwa kinaziandika zote.

Nilirudi Kigoma nikabadilisha mazoezi. Zamani tulikuwa tunafanya sparingi kama pambano, anayedondoshwa anachekwa mpaka Jumatatu. Sasa nafanya mara moja kwa wiki, kwa glovu nene, na ninayefanya naye anajua leo ni mwilini tu. Muda uliobaki ni begi, kamba, na kukimbia kwenye mchanga wa ufukwe wa Kibirizi badala ya lami. Mchanga unachosha mapaja lakini unahurumia magoti. Akina mama wanaoanika dagaa wananipigia kelele nisiwarushie mchanga, kwa hiyo nimejifunza hata kukimbia kwa adabu.

Hapo Kibirizi ndipo pia ninapopata riziki, napakia magunia ya dagaa. Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kulijua. Tangu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika linafungwa kila mwaka kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, hakuna kuvua, samaki wapumzike na wazaliane. Wazo lenyewe silipingi, dagaa walikuwa wanaisha. Lakini miezi ile mitatu magunia hakuna, na nyumbani kuna watu wanaokula. Ofa iliyokuwa ya ovyo mwezi wa nne inaonekana tamu mwezi wa saba. Nimeona mabondia wa huku wakisaini mapambano ya hatari kwa sababu tu ziwa limefungwa. Mama watoto aliniambia kitu kimoja nikakishika: "Ukitaka kupigana kwa njaa, niambie kwanza, tukope." Tukakopa.

Wengine walinishauri nipande uzito, kwamba kwenye kilo za juu kuna majina makubwa. Wengine wakasema nishuke. Kushuka nilishamaliza. Kuna usiku kwenye gesti moja, kesho tunapima, nimebakiza kilo moja na robo. Nimevaa koti la plastiki, madirisha yamefungwa, naruka kamba. Kocha ananifuta mgongo kwa taulo kisha anaikamua kwenye ndoo tuone kinachotoka. Nikiwa na miaka 25 ndoo ile ilikuwa inapata maji ya kufulia soksi. Usiku ule taulo ilitoka na unyevu tu. Mwili uligoma kutoa jasho. Uzito niliufikisha asubuhi kwa kutema mate kwenye chupa, na ulingoni niliingia miguu haina mtu. Kichwa kilichokaukiwa maji hakihimili ngumi, daktari yeyote atakwambia. Kupanda nako kuna malipo yake. Bondia Mmarekani Roy Jones aliongeza uzito mpaka wa juu kabisa, Machi 2003 akamshinda John Ruiz na kuchukua ubingwa wa WBA, kazi iliyowashangaza wengi. Alirudi kwenye uzito wake wa zamani, na mwaka uliofuata Antonio Tarver akamlaza raundi ya pili. Jones alikuwa na miaka 35. Mwili si lifti.

Watu wakikosa hoja wananitajia George Foreman, Mmarekani wa uzito wa juu. Sawa, tumzungumze Foreman. Aliacha ngumi mwaka 1977, akakaa miaka kumi akihubiri, akarudi 1987 watu wakimcheka kwa kitambi. Akapigana na wapinzani wa kawaida mfululizo bila haraka. Mwaka 1991 akapewa Evander Holyfield, akashindwa kwa pointi lakini akamaliza raundi zote 12 akiwa amesimama, na heshima ikarudi. Novemba 1994, akiwa na miaka 45, pambano lote Michael Moorer anamshinda, raundi ya kumi Foreman akamtandika ya kulia, kwisha habari. Nilichokiona mimi ni kwamba Foreman alikuwa na kitu kisichoondoka mapema. Wepesi huondoka kwanza, kisha miguu, nguvu ya konde hubaki mpaka mwisho, na kwenye uzito wa juu konde moja linatosha. Bernard Hopkins alikuwa na kingine: kujikinga, na maisha ya mtawa. Alimshinda Jean Pascal mwaka 2011 akiwa na miaka 46, akaja kuchukua mkanda mwingine akiwa na miaka 48. Hata yeye, pambano la mwisho Desemba 2016, Joe Smith alimtoa nje ya kamba kabisa. Alikuwa ameshatimiza 51.

Basi nikajikagua. Konde la Foreman sina, wengi nimewashinda kwa pointi. Kujikinga ninako kiasi. Nilichonacho zaidi ni jina, na jina lenyewe linatokana na mkanda. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kukaa sawa.

Maana mkanda una kufuli. Ukiwa bingwa unapangiwa mpinzani wa lazima, tarehe, na uzito usiobadilika. Mpinzani wangu wa lazima alikuwa kijana mzuri asiyejulikana na mtu, anapiga ngumi kama nyundo, na dau lililotajwa halikufika hata nusu ya lile la pambano jingine lililokuwa linazungumzwa pembeni. Hilo la pembeni lilikuwa na kijana wa Dar anayeonyeshwa kila mara kwenye televisheni, mtu wa kilo 69.8. Hakuwa na haja na mkanda wangu. Alihitaji kumpiga mtu ambaye watu wamewahi kumsikia. Tukikubaliana uzito wa katikati, kilo 68, pambano lipo.

Niliuachia mkanda. Niliandika barua, nikaukabidhi.

Mwanga hawakunielewa. Baba yangu mdogo, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa ngumi, alikuja nyumbani kunihoji kama mtu aliyeuza shamba la ukoo. "Mwanangu, bingwa anavuliwa, havui mwenyewe." Nikamwambia, baba, huo mkanda ungevuliwa tu, na mwenye kuuvua angenilipa hela ya mawese. Alininunia kwa muda mrefu. Kule kijiweni wakasema nimeogopa.

Kocha wangu naye alikuwa na hofu yake, na ya kwake ilikuwa na sababu. Alinikumbusha Oktoba 2, 1980, Muhammad Ali akiwa na miaka 38 anapanda ulingoni na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mtu wake wa sparingi. Holmes alikuwa anampiga huku anamtazama refa asimamishe. Kona ya Ali ililikatisha baada ya raundi ya kumi. Kocha akasema, "Mimi taulo la kusimamisha pambano nitalirusha mapema, na ukinigombeza tutagombana hadharani." Tukakubaliana hivyo mbele ya mama watoto, awe shahidi.

Masharti yangu yalikuwa machache na sikuyalegeza. Wiki nane za maandalizi. Kilo 68, na akizidisha analipa faini kwangu. Raundi 10. Nusu ya fedha iingie kabla sijaondoka Kigoma. Nifike Dar wiki nzima kabla, kwa sababu ukisafiri umbali ule umekunja miguu halafu ukapanda mizani kesho yake, umeshapigwa njiani. Walipiga kelele kidogo kwenye nusu ya fedha. Wakalipa.

Kwenye kutangaza pambano sikuwasaidia sana. Bondia Karim Mandonga, anayejiita Mtu Kazi, alituonyesha wote kwamba mdomo unauza ngumi kuliko ngumi zenyewe, na simlaumu, amewafanya watu wasiojua jab, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, ni nini waje ukumbini. Mimi nikipewa maiki nasema namshukuru Mungu na nimejiandaa vizuri. Promota alinitazama kama mtu aliyenunua redio isiyo na betri.

Nilishindwa. Majaji wawili walimpa kijana, mmoja akanipa mimi. Raundi nne za mwanzo nilimsumbua sana, jab yangu ilikuwa inamkuta anaingia. Raundi ya saba alinikamata ubavuni kwa ngumi ya kushoto, pumzi ikakata, nikahesabiwa. Kocha alishika taulo mkononi lakini hakulirusha, nilikuwa namwona. Raundi mbili za mwisho nilizichukua, naamini hivyo mpaka leo, ila siwezi kukaa kulilia. Fedha ile ilimaliza deni, ikaezeka nyumba, na kilichobaki kilinunua begi mbili na glovu za watoto.

Sasa nafundisha kila jioni nyuma ya nyumba ya kocha, na nafuatilia leseni ya ukocha. Nimegundua napenda kazi hii kuliko nilivyotarajia. Mabinti wawili wanaokuja wanasikiliza kuliko wavulana wote pamoja.

Upande wa kijana wanataka marudiano, kwa sababu watu waligawanyika kuhusu matokeo na mgawanyiko unauza. Wamependekeza mwezi wa saba. Ziwa litakuwa limefungwa, na safari hii wameshalijua hilo, maana dau walilotaja ni dogo kuliko la kwanza. Nimewajibu kwamba masharti ni yale yale, dau lipande juu ya la kwanza, na kichwa changu kipigwe MRI nyingine kwa gharama yao kabla sijasaini. Wamesema watanirudia wiki ijayo.